Mizani na Anayepimwa

Mwaka jana chuo kilipofunga, mjukuu wangu alikuja kututembelea hapa Rungwe. Ana umri wa miaka 21 na yuko mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea elimu ya michezo. Aliponiamkia nilimpokea kwa utani wetu wa siku zote: mke wangu mdogo karudi kutoka mjini, na hata mkate hakuniletea. Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Jioni bibi yake alipotenga ndizi na maharage, alikula vijiko vitatu, akasema, "Nimeshiba, bibi."

Mimi nimekaa na wanachuo bwaloni kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliyeshiba huisukuma sahani bila kuitazama. Anayejinyima huisukuma huku anaitazama. Yule binti alikuwa akiitazama.

Asubuhi, tukiwa barazani, alinionyesha ukurasa wa daftari lake. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kupimana mafuta ya mwilini, wanafunzi kwa wanafunzi, kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilimpa 25.1, maana yake uzito umezidi. Ya pili ilisema mafuta ni asilimia 28 ya mwili wake. Ya tatu ilisema asilimia 33. Namba 33 alikuwa ameizungushia duara kwa wino mwekundu.

"Babu," akaniuliza, "ipi ya kweli?"

Sikumjibu upesi. Swali lile lilinirudisha kwenye ubao mmoja wa matangazo ambao kwa miaka mingi nimekuwa nikijaribu kuusahau. Nitaufikia ubao huo, ndugu msomaji, lakini kwanza niruhusu nieleze vipimo vyenyewe. Mtu hawezi kujua ubaya wa kulitumia vibaya shoka asilolijua makali yake.

Namba ya kwanza hutokana na mizani na futi ya ukutani. Unachukua uzito kwa kilo, unaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mjukuu wangu ana kilo 66 na mita 1.62, ndiyo maana akapata 25.1. Shirika la Afya Duniani limechora mstari kwenye 25. Anayeufikia huhesabiwa kuwa amezidi uzito. Nikachukua kalamu tukahesabu upya. Kama aliyempima angesoma mita 1.63, angepata 24.8 na kuwa mtu wa kawaida. Sentimita moja! Na sentimita moja hiyo binadamu huweza kuipoteza mwenyewe kati ya kuamka na kulala, kwa kuwa uti wa mgongo hubanwa kwa kusimama na kutembea mchana kutwa.

Hesabu hii ilianza na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanahisabati na mtaalamu wa nyota, katika miaka ya 1830. Yeye hakuwa anatafuta watu wanene. Alikuwa anatafuta jinsi uzito unavyofuatana na urefu katika watu wengi, ili amjue mtu wa wastani. Mwaka 1972, Ancel Keys wa Marekani na wenzake ndio walioipa jina linalojulikana leo, BMI, wakaipendekeza kwa uchunguzi wa makundi ya watu. Tazama basi: ndani ya hesabu hii mafuta hayamo. Zimo kilo na mita tu. Mizani haijui kama kilo ni ya misuli, mifupa, maji au mafuta, kama vile mizani ya sokoni isivyojua kama ndani ya gunia mna mchele au mawe.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1942, daktari wa jeshi la majini la Marekani aitwaye Albert Behnke, pamoja na wenzake, waliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito na urefu ya wakati ule, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa unene. Walipopimwa ndani ya maji, ilidhihirika kuwa wengi wao walikuwa na mafuta machache sana. Kilichozidi kwao kilikuwa misuli. Majedwali yalikuwa yanawaita wagonjwa watu waliokuwa na nguvu kuliko waliotunga majedwali.

Na mstari wenyewe husogezwa. Hadi mwaka 1998 Wamarekani walihesabu uzito uliozidi kuanzia kiasi cha 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwaka huo wakauteremsha hadi 25 ili walingane na mataifa mengine. Mamilioni ya watu waliolala wakiwa wa kawaida wakaamka wamezidi uzito, na hakuna aliyeongezeka hata gramu moja. Simaanishi kwamba mstari haukuwa na sababu. Nasema tu kwamba mstari huchorwa na watu, na watu huweza kuuchora upya.

Namba ya pili ya mjukuu wangu ilitoka kwenye kikoleo. Mpimaji hubana ngozi kwa vidole, akainua mkunjo pamoja na mafuta yaliyo chini yake, kisha kikoleo chenye springi husoma unene wake kwa milimita. Aghalabu hupimwa sehemu nne: mbele ya mkono wa juu, nyuma yake, chini ya bega mgongoni, na juu ya nyonga. Milimita hizo hujumlishwa, na jedwali huzigeuza kuwa asilimia ya mafuta.

Hapa nikamwuliza mjukuu wangu jedwali lilitoka wapi. Alikuwa hajui. Jedwali linalotumiwa mno lilitungwa na Durnin na Womersley mwaka 1974, kutokana na wanaume na wanawake 481 waliopimwa Glasgow, Scotland. Ni kazi ya heshima, iliyofanywa kwa uangalifu. Lakini inachukulia kwamba mafuta ya chini ya ngozi yana uwiano fulani na yale yaliyojificha tumboni, na uwiano huo waliupata kwa watu wao, kwa miili yao na vyakula vyao. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Pengine jogoo la Glasgow huwika Tukuyu, pengine haliwiki. Haifai kumchinja mtu kwa sauti yake. Tena kikoleo hutegemea mkono. Mpimaji mmoja hubana hapa, mwingine hubana sentimita moja pembeni, na jibu hubadilika.

Namba ya tatu, ile ya duara jekundu, ilitoka kwenye mizani ya umeme. Unasimama peku juu ya vyuma, na mkondo mdogo wa umeme usiosikika hupita mwilini. Misuli ina maji mengi na chumvi, hivyo hupitisha umeme kwa urahisi, mafuta huuzuia. Mashine hupima ukinzani huo, ikaingiza umri, urefu, uzito na jinsia, kisha ikatoa namba. Lakini mtu akikosa maji mwilini, ukinzani hupanda, na mashine husema mafuta yameongezeka. Mizani ya kukanyaga kwa miguu hupitisha umeme wake zaidi miguuni na sehemu ya chini ya kiwiliwili, na sehemu iliyobaki hukisia. Nilimwuliza siku ile alikuwa katika hali gani. Akasema walipimwa alfajiri, naye alikuwa hajala wala kunywa kitu tangu jana yake mchana, maana alitaka namba iwe ndogo. Maskini, alijinyima ili mashine imsifu, na huenda kiu yake ndiyo iliyomshtaki.

Kati ya asilimia 28 na 33, kwa mtu wa kilo 66, kuna zaidi ya kilo tatu za mafuta. Ni karibu lita nne. Dumu dogo la mafuta ya kupikia. Dumu hilo lipo au halipo kutegemea umesimama juu ya mashine ipi.

Msomaji atauliza, je, hakuna kipimo cha juu zaidi kitakachoamua? Vipo vinavyoaminiwa zaidi. Kipo cha kupimwa ndani ya maji, alichotumia Behnke. Kila mama anayepika anakijua kiini chake, kwa sababu ameona mafuta yakielea juu ya mchuzi. Mtu hutoa pumzi yote, huzamishwa, hupimwa uzito chini ya maji. Mwenye mafuta mengi huelea zaidi. Hesabu yake huchukulia kwamba mafuta yana uzito wa gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo na sehemu nyingine zote gramu 1.1, kwa kila mtu. Lakini kijana ambaye mifupa yake bado inakomaa, mzee ambaye yake imeanza kupungua, na mwanariadha, hawana lazima ya kufuata 1.1 hiyo. Kipo cha kunywa maji yenye haidrojeni nzito na kupimwa mate saa kadhaa baadaye, ili kujua mwili una maji kiasi gani. Hicho huchukulia kwamba sehemu isiyo mafuta ina maji karibu asilimia 73. Kipo cha eksirei ya aina mbili za nguvu, kiitwacho DXA, ambacho wengi hukifanya kigezo cha vingine. Hata hicho, mashine za viwanda tofauti hazikubaliani kikamilifu juu ya mtu yuleyule.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoyagusa mafuta yenyewe. Kimoja hugusa uzito, kingine unene wa ngozi, kingine ukinzani, kingine kuelea, kingine maji, kingine kivuli cha miale. Kutoka hapo hadi kwenye mafuta wanavuka kwa daraja la makisio. Njia ya kuyatoa na kuyapima mafuta yote ya mtu moja kwa moja ni kuuchambua mwili wake akiwa maiti, na maiti zilizochambuliwa hivyo kwa ajili ya kujenga madaraja hayo zilikuwa chache mno. Aliye hai hukisiwa.

Nilimjibu mjukuu wangu hivi: "Zote tatu ni kweli kuhusu kilichopimwa, na zote tatu ni makisio kuhusu wewe." Akanitazama kama mtu aliyeomba mkate akapewa unga. Nikaona sina budi kumsimulia habari ya ubao.

Ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, umri ambao mwanamume huamini kwamba akiona jambo, ameliona lote. Mashindano ya michezo ya vyuo yalikuwa yanakaribia. Nilinunua mizani, nikanakili jedwali la uzito na urefu kutoka kitabu kimoja cha zamani, nikaagiza wanachuo wote wapimwe. Matokeo nikayabandika kwenye ubao wa matangazo, na asubuhi mstarini nikasoma majina ya waliozidi. Nia yangu, Mungu ananijua, ilikuwa afya. Nilisema hata maneno ya kuchekesha kidogo, na paredi ikacheka.

Katika majina hayo alikuwamo binti wa mwaka wa pili, mlinda goli wa timu ya netiboli. Alikuwa na mabega ya mtu aliyelelewa kwa jembe na ndoo ya maji. Kufikia jioni alikuwa na jina jipya, ambalo sitaliandika hapa. Nilisikia likiitwa bwaloni na sikulikemea, nikidhani ni utani wa vijana. Kumbe yeye aliacha kula ugali wa jioni, kisha na wa mchana. Wiki ya tatu, katika mchakamchaka, alianguka. Tulimpeleka hospitali, na daktari alipomaliza kumwangalia aliniita pembeni akaniuliza kama chuo kimeishiwa chakula.

Alipona, akarudi darasani, akafaulu. Lakini hakucheza netiboli tena. Siku alipokuja ofisini kuchukua karatasi zake za kuondokea alisimama mlangoni, akasema kwa adabu yote, "Mkuu, ile karatasi ya uzito bado ipo ubaoni." Nilitazama nje ya dirisha. Ilikuwepo. Mvua ilikuwa imeichubua pembe, na majina yalikuwa yanasomeka.

Sikuwa nimesema uongo juu yake. Mizani ilikuwa sahihi, futi ilikuwa sahihi, jedwali nililinakili bila kosa. Hilo ndilo lililonifanya nisijione mkosaji kwa muda mrefu. Nilidhani dhulma huhitaji uongo. Baadaye nilijifunza kwamba mtu aweza kudhulumu kwa namba sahihi kabisa, kwa kuifanya iseme jambo ambalo haikuulizwa, kisha kuisoma mbele ya watu ambao hawakustahili kuisikia.

Wapo watakaosema, basi tuache kupima. Sikubaliani nao. Nimezika marafiki wawili wa rika langu waliokufa kwa kisukari, na mmoja aliyekufa kwa shinikizo la damu, nao hawakuwahi kukanyaga mizani ila ya kupimia kahawa. Sisi tulikuzwa tukiamini kwamba kunenepa ni kunawiri. Ukikutana na mtu ukamwambia amenenepa, ulikuwa umemsifia maisha na mkewe pia. Miaka ile UKIMWI ulipoingia, aliyekonda alinyooshewa vidole, na watu wakazidi kuupenda unene kama cheti cha uzima. Vijana wa leo wamegeuka upande wa pili. Wanajipima kwa picha za simu. Macho yetu na macho yao yote ni vipimo, na ni vipimo vibovu kuliko kikoleo chochote. Mwenye kukataa namba hapati kweli kwa kukataa huko. Anabaki na macho yake na maneno ya jirani.

Kwa hiyo nampa mwalimu mwenzangu, mzazi na kijana maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuiamini namba ya mwili wa mtu. Kwanza, kipimo hiki kimegusa nini hasa? Pili, kimeshonwa kwa mwili wa nani? Mwaka 2004 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walikiri kwamba Waasia wengi huwa na mafuta na hatari zaidi hata kabla ya kufika 25, kwa hiyo mstari uleule huweza kumtisha mmoja bure na kumliwaza mwingine bure. Tatu, jibu litatumiwa kufanya nini, na nani atalisikia? Swali hili la tatu halimo katika vitabu vya vipimo. Ni letu sisi tunaoshika mizani.

Nilimweleza pia mjukuu wangu jambo nililojifunza kwa saa ya ukutani ya chuo. Saa inayotangulia dakika kumi kila siku inafaa kuliko ile inayotangulia leo na kuchelewa kesho, kwa sababu ya kwanza ukishaijua, unaweza kuishi nayo. Anayetaka kujua kama mwili wake unabadilika na atumie njia moja, saa ileile, hali ileile, na ikiwa ni kikoleo, mkono uleule. Asichukue ya jana kwa kikoleo akalinganisha na ya leo kwa umeme. Na kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi, hata utepe wa fundi cherehani una maneno ya kusema. Mwaka 2022 wataalamu wa afya wa Uingereza walishauri kwamba watu wazima wajitahidi kiuno kisifike nusu ya urefu. Bibi yake aliuleta utepe kutoka kwenye cherehani yake, wakaingia ndani wawili peke yao. Mimi sikuitwa wala sikuuliza. Walipotoka, bibi alisema tu, "Mtoto hana tatizo," akarudi jikoni.

Siwezi kudai kwamba maneno yangu yalimponya. Mchana ule alikula, si sana. Ukurasa wenye duara jekundu hakuuchana, wala sikumwambia auchane, maana kipimo hakikumkosea. Aliyemkosea, kama yupo, ni yule aliyemfundisha kukisoma bila kumfundisha kukihoji. Na nikifikiri hivyo najikuta natazama kazi yangu yote, si mizani tu. Ni wanachuo wangapi niliowaambia uwezo wao kwa alama ya mtihani mmoja, niliosimama mstarini kuisoma?

Yule mlinda goli, nasikia, ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi sasa, naye amekaribia kustaafu. Mara mbili nimemwandikia barua, na mara zote mbili nimeiweka ndani ya Biblia nikasema nitaituma wiki ijayo. Nilipomaliza kumsimulia mjukuu wangu habari hii alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Babu, anwani yake unayo?"

Ninayo.